Somo la Redio: Mtu Aliyepima Uvutano wa Bonde la Ufa

  Wale ambao hawakuwahi kulisikia somo hili kwa redio wataweza kulisoma hapa polepole, mstari kwa mstari. Na wale waliolisikia, yafaa walisome mara ya pili, maana jambo lisikiwalo mara moja husahaulika upesi.

Siku moja nilitembelea darasa la watu wazima hapa Kinampanda. Baada ya somo la hesabu, mzee mmoja aliinua mkono akasema, "Bwana Elimu, nina swali ambalo si la hesabu. Ukienda mpaka ukingo wa nyanda zetu za Iramba, nchi inakatika ghafla. Chini iko mbuga ya Wembere, tambarare kama sakafu. Je, shimo lile kubwa lilichimbwa na nani?"

Darasa zima lilicheka, lakini swali lenyewe halikuwa la kuchekesha. Wataalamu wakubwa waliliuliza swali hilo hilo, wakabishana kwa zaidi ya miaka sabini. Leo nitawaeleza habari za mmoja wao. Jina lake ni Edward Bullard, Mwingereza. Kazi yake ilikuwa jiofizikia, yaani elimu ya kuchunguza mwili wa dunia, pamoja na sehemu ambazo jicho halifiki, kwa njia ya vipimo na hesabu.

Nchi iliyokatika

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Msafiri atokaye Singida kwenda Nzega huteremka mlima Sekenke mpaka Shelui. Kule juu ni nyanda za Iramba. Kule chini ni mbuga. Kaskazini yake liko ziwa Kitangiri, na maji yake hutoka kwa mto Sibiti kwenda ziwa Eyasi. Mbuga ya Wembere na ziwa Eyasi ni tawi moja la Bonde la Ufa, ambalo limepita katika Afrika ya Mashariki kutoka Ethiopia kuja kusini. Tawi jingine, la magharibi, lina ziwa Albert, ziwa Tanganyika na ziwa Nyasa. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, nalo ni la pili kwa kina duniani.

Mwaka 1893 mtaalamu wa miamba, John Walter Gregory, alisafiri Kenya kwa miguu pamoja na wapagazi waliotoka pwani. Aliyatazama mabonde yale, na mwaka 1896 akachapisha kitabu juu yake. Gregory alisema kwamba nchi ilivutwa kutoka pande mbili, ikapasuka, na kipande cha katikati kikashuka.

Ukitaka kuelewa, chukua matofali matatu, uyasimamishe pamoja hewani kwa kuyabana kwa mikono miwili. Sasa legeza mikono kidogo tu. Tofali la katikati litaanguka, na yale ya pembeni yatabaki mikononi mwako. Hivyo ndivyo alivyofikiri Gregory.

Lakini wengine walikataa. Bwana Wayland, aliyeongoza idara ya uchunguzi wa miamba ya Uganda, alisema kwamba nchi haikuvutwa, bali ilibanwa. Bailey Willis, Mmarekani aliyekuja kuyaona mabonde haya mwaka 1929, naye alishika maelezo ya kubanwa. Kwa maoni yao, kingo za bonde zilisukumwa juu ya kipande cha katikati, zikakikandamiza chini.

Basi wapo waliosema nchi imevutwa, na wapo waliosema imebanwa. Wote walitazama milima ile ile kwa macho yale yale. Nani angekata shauri? Hapo ilihitajika namna nyingine ya kuuliza.

Chuma kinachobembea

Edward Bullard alizaliwa tarehe 21 Septemba 1907 katika mji wa Norwich, Uingereza. Jamaa zake walikuwa watengenezaji wa bia. Yeye akaenda kusoma elimu ya maumbile Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1931 akapata kazi hapo hapo, katika idara ndogo ya kupima umbo na nguvu za dunia. Mwaka 1933 alifunga safari kuja Afrika ya Mashariki, akafanya kazi mpaka mwaka 1934. Chombo chake kikubwa kilikuwa penduli.

Penduli ni kitu kizito kinachoning'inia na kubembea, kama jiwe lililofungwa kwenye kamba. Jaribuni wenyewe. Fungeni jiwe kwenye kamba ya mita moja, mlisukume kidogo. Kwenda upande mmoja litatumia karibu sekunde 1, na kurudi karibu sekunde 1. Kinachovuta jiwe lile lirudi katikati ni uvutano wa dunia. Uvutano ukiwa na nguvu zaidi, jiwe hubembea upesi zaidi. Ukipungua, jiwe hubembea polepole.

Tena uvutano haulingani kila mahali. Palipo na miamba mizito chini ya ardhi, huongezeka kidogo. Palipo na vitu vyepesi, hupungua kidogo. Kwa hiyo mtu mwenye penduli anaweza kusimama juu ya nchi na kujua kitu fulani juu ya yale yaliyofichika chini, bila kuchimba hata shimo moja.

Lakini tofauti hizo ni ndogo sana. Tuseme uvutano umepungua kwa sehemu 1 katika sehemu 10,000. Saa ya penduli itachelewa kiasi gani? Siku moja ina sekunde 86,400. Kwa upungufu huo, saa ile itachelewa sekunde 4 hivi kwa siku nzima. Ni nani awezaye kuona sekunde 4 katika siku nzima, asipokuwa na saa iliyo sahihi kabisa? Katika miaka ile wapimaji walipata wakati sahihi kwa redio, maana vituo vikubwa vilituma ishara za wakati hewani. Redio hii hii inayotuletea somo leo ilikuwa chombo cha kupimia dunia.

Bullard hakuwa mtu wa kwanza kupima uvutano katika nchi zetu. Mwaka 1899 na 1900 Wadachi wawili, Kohlschütter na Glauning, walizunguka nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika, nao walikuwa na penduli. Lakini Bullard alikuja na vyombo vilivyo bora zaidi na njia bora za kufanya hesabu. Kila alipofika aliweka penduli, akahesabu mabembeo, akaandika. Kisha akakadiria urefu wa mahali pale kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa kadiri unavyopanda juu ndivyo uvutano unavyopungua. Hayo yote aliyatoa katika hesabu ili ibaki ile sehemu inayotokana na miamba ya chini peke yake.

Mwaka 1936 akachapisha matokeo yake. Juu ya mabonde uvutano ulikuwa pungufu. Hilo lilikuwa jambo la kweli, tena limepimwa.

Kibuyu ndani ya maji

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penye kiini cha somo.

Bullard alijiuliza: kwa nini uvutano umepungua pale bondeni? Akafikiri hivi. Ganda la dunia ni jepesi kuliko miamba iliyo chini yake, nalo hukaa juu yake kama kibuyu kitupu kinavyoelea majini. Uvutano uliopungua waonyesha kwamba pale bondeni ganda jepesi limezama chini kupita kiasi. Lakini kibuyu kitupu ukikizamisha majini hakitulii. Hurudi juu mara moja, isipokuwa mkono umekishikilia. Je, pale bondeni mkono ni upi? Bullard akajibu: mkono ni zile kingo mbili, zilizobanwa na kusukumwa juu ya sakafu ya bonde. Kwa hiyo aliwaunga mkono Wayland na Willis. Akasema nchi imebanwa.

Ndugu zangu, hoja hiyo ni nzuri. Inafuata hatua kwa hatua. Nayo haikuwa kweli.

Siku hizi tunajua kwamba Gregory ndiye aliyekuwa karibu na kweli zaidi. Mitetemeko ya ardhi ilipochunguzwa kwa vyombo, ilionyesha kwamba nchi hapa inavutika, wala haibanwi. Leo viko vyombo vinavyopokea ishara za setilaiti, navyo huonyesha pande mbili za Bonde la Ufa zikiachana milimita chache kwa mwaka katika nchi yetu. Ukucha wa kidole chako hukua kiasi hicho kwa mwezi mmoja au miwili. Ni mwendo mdogo sana, lakini mpe muda wa miaka milioni kadhaa, atafanya bonde.

Basi, mbona uvutano ulipungua? Sababu ziko mbili kubwa. Kwanza, bonde likishuka, mito hulijaza udongo, mchanga na matope. Chini ya ziwa Albert mashapo hayo yana unene wa kilomita kadhaa, nayo ni mepesi kuliko miamba migumu ya kingoni. Pili, mbali chini ya nyanda za Afrika ya Mashariki miamba ni ya moto kuliko kawaida, na kitu kikipata moto hupanuka na kuwa chepesi. Hapakuhitajika mkono wa kushikilia kibuyu.

Angalieni basi tofauti iliyopo kati ya kipimo na maelezo. Vipimo vya Bullard vilikuwa sahihi: uvutano umepungua kweli. Maelezo yake ndiyo yaliyokosea. Na kwa kuwa aliandika vipimo vyake vyote waziwazi, mahali kwa mahali na namba kwa namba, waliokuja nyuma yake waliweza kuvichukua na kutoa maelezo mengine. Kama angeandika maelezo peke yake, kazi yake ingekufa pamoja na kosa lake.

Dinamo ndani ya dunia

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Wajerumani walitega baharini mabomu yaliyolipuka yalipohisi sumaku ya chuma cha meli. Bullard alikuwa miongoni mwa wataalamu waliotafuta njia ya kuiondoa sumaku hiyo, ili meli zipite salama. Mwaka 1941, akiwa bado kijana, alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London. Baada ya vita alifundisha Toronto, Kanada, na kuanzia mwaka 1950 mpaka 1955 aliongoza maabara ya taifa ya vipimo ya Uingereza. Mwaka 1953 alipewa cheo cha Sir.

Katika miaka hiyo alishika swali jingine: dira huelekea kaskazini kwa sababu gani? Tunajua dunia ni kama sumaku kubwa. Lakini ndani yake mna moto mkali mno, na sumaku ya kawaida ikipata moto mkali hupoteza nguvu yake. Nguvu hii yatoka wapi?

Wengi wenu mmeona dinamo ya baiskeli. Gurudumu likizunguka, dinamo hutoa umeme na taa ikawaka. Bullard, pamoja na wengine kama Elsasser wa Marekani, alisema kwamba ndani ya dunia iko dinamo. Kiini cha dunia kina chuma kilichoyeyuka, nacho hutembea na kuzunguka. Mwendo huo huleta umeme, na umeme huleta sumaku. Mwaka 1954 Bullard na Gellman walichapisha hesabu ndefu kuonyesha jambo hilo, wakitumia kompyuta katika siku ambazo kompyuta duniani zilikuwa chache kabisa.

Hapa tena, wengine waliporudia hesabu hizo kwa mashine kubwa zaidi, waliona kwamba hazikufika mwisho unaoaminika. Hata hivyo wazo lenyewe lilisimama. Mwaka 1995 wataalamu Glatzmaier na Roberts walionyesha kwa kompyuta dinamo ya dunia ikifanya kazi. Na si dunia yetu peke yake. Mwaka 1974 chombo Mariner 10 kilipita karibu na sayari ya Zebaki, kikakuta nayo ina sumaku. Sayari ya Mshtarii nayo ina sumaku yenye nguvu nyingi. Wataalamu wanaotaka kujua moyo wa sayari ambayo hakuna mtu atakayeikanyaga huanza kwa kuuliza: je, ina dinamo?

Mabara yaliyoachana

Liko jambo la tatu. Mwaka 1915 Mjerumani Alfred Wegener aliandika kitabu akisema kwamba zamani mabara yalikuwa nchi moja, kisha yakaachana. Tazameni ramani: ubavu wa Afrika upande wa magharibi na ubavu wa Amerika ya Kusini upande wa mashariki vinafanana kama vipande viwili vya chungu kilichovunjika. Wataalamu wengi walimcheka. Kwa muda mrefu Bullard mwenyewe hakusadiki.

Lakini hakufunga mlango. Alirudi Cambridge mwaka 1956, akaongoza idara ile ile aliyoanzia kazi. Huko mwaka 1963 Fred Vine na Drummond Matthews walitoa maelezo ya mistari ya sumaku iliyoko chini ya bahari, wakionyesha kwamba sakafu ya bahari inapanuka. Bullard alizitazama habari hizo, akabadili mawazo. Mwaka 1965, pamoja na Everett na Smith, alichapisha ramani iliyofanywa kwa hesabu za kompyuta. Hawakuyaunganisha mabara kwenye fukwe, kwa kuwa ufuko hubadilika. Waliyaunganisha kwenye mteremko wa chini ya maji, penye kina cha karibu mita 900. Afrika na Amerika ya Kusini zikakutana vizuri, na mapengo yaliyobaki yalikuwa madogo. Picha ile iliwashtua wengi waliokuwa wakicheka.

Mwanafunzi mmoja wa Bullard, Dan McKenzie, alikuwa miongoni mwa watu walioeleza kwamba ganda la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa yanayotembea. Na mwaka 1970 McKenzie, pamoja na Davies na Molnar, waliandika juu ya Bahari ya Shamu na Afrika ya Mashariki, wakaeleza Bonde la Ufa kuwa ni mahali ambapo mabamba yanaachana. Hivyo mwanafunzi wa Bullard mwenyewe alikuja kusema kinyume cha yale aliyoandika mwalimu wake mwaka 1936. Na mwalimu ndiye aliyemfundisha kupima.

Bullard aliondoka Cambridge mwaka 1974, akaenda kukaa California, Marekani. Alikufa huko La Jolla tarehe 3 Aprili 1980.

Faida yake kwetu

Mtaniuliza: haya yanatufaa nini sisi wakulima wa alizeti, mtama na uwele?

Yanatufaa. Mahali palipo na mashapo mengi chini ya ardhi ndipo panapoweza kupatikana mafuta na gesi. Mwaka 2006 mafuta yalipatikana Uganda, kando ya ziwa Albert, katika mashapo hayo hayo yaliyopunguza uvutano. Hapa kwetu Shirika la Maendeleo ya Petroli la Tanzania limechunguza bonde la Eyasi na Wembere, na njia mojawapo ilikuwa kupima uvutano kwa ndege. Swali la penduli la zamani linaulizwa tena, mlangoni petu. Siku wapimaji watakapopita shambani mwako, yafaa ujue wanatafuta nini, na uweze kusoma karatasi watakayokupa kabla hujatia sahihi.

Faida ya pili ni kubwa zaidi kwa maoni yangu. Katika darasa lile la Kinampanda alikuwapo mama mmoja aliyefunika daftari lake kwa khanga kila nilipopita. Nilipomwuliza sababu, akasema, "Baba, mimi nimezeeka. Naona haya kusahihishwa kama mtoto." Sikujua la kumjibu siku ile. Nilipokuwa nikitayarisha somo hili nilimkumbuka. Bullard alikuwa Sir, alikuwa mkuu wa maabara ya taifa, na mwaka 1968 alipewa tuzo kubwa la elimu ya dunia liitwalo Vetlesen. Mtu huyo alikosea juu ya Bonde letu la Ufa, akakosea katika hesabu za dinamo, akachelewa kusadiki mwendo wa mabara. Hakufunika daftari. Liko wazi mpaka leo, na kila mwenye kutaka aweza kulisoma na kulisahihisha.

Na yule mzee aliyeuliza nani alichimba shimo, jibu lake ni hili: hakuna aliyelichimba. Nchi ilivutwa, ikapasuka, ikashuka, na hata usiku huu inaendelea kuvutwa.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Fungeni jiwe kwenye kamba ya mita moja, mhesabu mabembeo ya dakika moja. Mwandike jibu. Kisha mfupishe kamba iwe nusu mita, mhesabu tena. Mmeona tofauti gani?

2. Elezeni kwa maneno yenu tofauti ya kipimo na maelezo. Toeni mfano mmoja wa shambani au wa sokoni.

3. Kila mmoja afungue daftari lake mahali aliposahihishwa, amwonyeshe jirani yake, amweleze kosa lilikuwa nini.